Namna ya kuiamsha Garratt ya mafuta

Ukitaka treni ya mvuke itoke stesheni Jumamosi saa tatu asubuhi, kazi inaanza Ijumaa alfajiri. Nazungumzia injini kubwa iliyopoa kabisa, iliyokaa majuma kadhaa bila moto, na mfano nitakaoshika ni nambari 5918, Mount Gelai, ya Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Kichwa hiki ni kimoja kati ya 34 vya Garratt vya daraja la 59 vilivyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, vikaingia kazini mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa kwetu. Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Kikiwa kimejaa maji na mafuta kina uzito wa tani 252, na hakuna kichwa cha mvuke kilichowahi kukizidi nguvu kwenye reli ya upana wa mita moja. Kazi yake ilikuwa kupandisha shehena ya tani 1,200 hivi kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Vichwa hivi vilichoma mafuta mazito kwa sababu mbili zinazoeleweka haraka. Reli haikuwa na mgodi wa makaa wa kuutegemea njiani, na makaa yalilazimika kuja kwa meli. Tena, sakafu ya chumba cha moto ina ukubwa wa futi za mraba 72: fayaman mwenye koleo angechoka kabla ya kufika Voi. Kwa mafuta, mtu mmoja hukaa kwenye kiti chake, akishika vali, na moto mkubwa kuliko wa makaa unamtii mkononi.

Utiifu huo ndio wa kuuogopa. Moto wa makaa hukulazimisha kusubiri hata kama hutaki, lakini wa mafuta ukitaka uwe mkubwa sasa hivi, utakuwa mkubwa sasa hivi. Boila haiwezi kwenda mwendo huo. Presha ya kazi ya Mount Gelai ni paundi 225 kwa inchi ya mraba, na kwa presha hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Kutoka baridi ya asubuhi hadi joto hilo, kila mita moja ya chuma hurefuka takriban milimita 2. Boila ni ndefu, na haina kipande kimoja tu: ina mabamba, mabomba, na mamia ya boliti zinazoshikilia ukuta wa ndani wa chumba cha moto na ukuta wa nje. Ukuta wa ndani ukirefuka wakati wa nje bado ni baridi, boliti hupinda na baadaye hupasuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuuzuia mkono wako.

Kabla ya kiberiti

Usiguse kitu kabla ya kuona cheti. Boila lazima iwe imekaguliwa na mkaguzi anayetambuliwa kisheria, ikapimwa kwa maji ya presha na kisha kwa mvuke, na tarehe ya cheti iwe haijapita. Na usiwashe peke yako. Mtafute mtu aliyefanya kazi hii reli ilipokuwa bado ya mvuke, au aliyefundishwa naye. Wazee hawa wanazidi kupungua, na yale wanayoyajua kuhusu sauti ya moto hayamo katika kitabu chochote. Mwamkie, mpe kiti, mwache aseme kwanza, ndipo uulize maswali yako.

Anza na maji. Boila ina vioo viwili vya kuonyesha kina cha maji, na vyote viwili lazima vijaribiwe: funga vali ya juu na ya chini, fungua ya kumwagia, kioo kiwe kitupu, funga ya kumwagia, kisha fungua moja moja uone maji yakirudi haraka kwenye alama ileile. Boila ikiwa baridi vali ya juu haina mvuke wa kupuliza, kwa hiyo utalirudia jaribio hili presha ikipanda. Kioo kilichoziba kinaonyesha maji ambayo hayapo, na hilo limewahi kuua watu katika historia ya reli. Jaza hadi nusu ya kioo au chini yake kidogo, maana maji yakipata joto yatapanda yenyewe. Ukiweza kupata maji ya uvuguvugu badala ya baridi, boila itakushukuru.

Halafu hakikisha kichwa hakiwezi kwenda popote. Breki ya mkono ifungwe, vigingi viwekwe mbele na nyuma ya magurudumu, mkono wa regyuleta, vali inayopeleka mvuke kwenye silinda, uwe umefungwa kabisa, rivasi, ile ya kuchagua mbele au nyuma, iwe katikati, na koki za kumwagia maji kwenye silinda ziwe wazi. Regyuleta inayovuja kidogo inatosha kujaza silinda mvuke taratibu wakati nyote mmekwenda kunywa chai, na tani 252 zikianza kutembea zenyewe ndani ya karakana hakuna wa kuzishika.

Sasa ingia kwenye chumba cha moto ukiwa na tochi. Kwenye injini ya mafuta sakafu na sehemu ya kuta zimefunikwa kwa matofali ya kuhimili moto. Kazi yake ni kulinda chuma na kushika joto ili mafuta yaendelee kuwaka. Tofali lililoanguka mbele ya kichomeo hupindisha ndimi za moto hadi zilambe ukuta wa boila mahali pamoja, na hapo chuma huharibika. Litoe, tengeneza, kisha endelea. Angalia juu kwenye dari: plagi za risasi ziwe kavu, zisizo na alama ya kuvuja. Hizi ndizo mlinzi wa mwisho; maji yakishuka chini ya dari, risasi huyeyuka na mvuke hupiga kelele ndani ya moto kuwaonya. Tazama ncha za mabomba kama zina chumvi nyeupe, dalili ya kuvuja. Na uinuse sakafu. Ukikuta mafuta yametuama, hata kidogo, hakuna kuwasha mpaka yafutwe yote. Toka nje, fungua chumba cha moshi upande wa mbele, ondoa masizi na mchanga wa safari iliyopita, kisha ufunge mlango wake uwe haupitishi hewa hata kidogo. Hewa ikiingia hapo, mvuto kwenye moto hupotea.

Mafuta yenyewe yana mambo yake. Mafuta mazito yakiwa baridi ni kama lami na hayatapita kwenye bomba. Ndani ya tangi mna bomba la mvuke la kuyapasha. Yapashe hadi yatiririke vizuri, nyuzi 60 au 70 hivi, wala usizidishe, kwa sababu yakipata joto kupita kiasi hutoa gesi na kutokota. Kabla ya hapo fungua koki ya chini ya tangi umwage maji yaliyojikusanya. Tone kubwa la maji likifika kwenye kichomeo moto hukatika ghafla, kisha mafuta hurudi juu ya matofali ya moto, na hiyo ndiyo njia ya mkato ya mlipuko. Safisha chujio. Pima tangi kwa kijiti, kamwe si kwa kuchungulia na moto wa aina yoyote mkononi.

Mvuke wa kuazima

Hapa ndipo injini ya mafuta inapowashangaza wageni: inahitaji mvuke ili itengeneze mvuke. Mafuta mazito hayawaki yakiwa yamemwagika kama maji. Lazima yapulizwe yawe ukungu, na kinachoyapuliza ni mvuke unaotoka kwenye kichomeo kupitia vali inayoitwa atomaiza. Pia lazima hewa ivutwe ndani, na hiyo ni kazi ya blowa, bomba la mvuke lililo chini ya dohani, linalopuliza kwenda juu na kuvuta hewa kupitia chumba cha moto. Anayejua jiko la mafuta ya taa la pampu anaelewa shida hii: lazima kichwa chake kipate moto kwanza, la sivyo unapata moto wa njano unaorukaruka na nyumba nzima imejaa moshi.

Zamani karakana haikukosa injini nyingine yenye mvuke, na waliunganisha bomba kutoka kwa jirani. Leo jirani hayupo. Njia ninayoipendelea ni kompresa kubwa inayotoa hewa ya paundi 80 hadi 100 mfululizo, iunganishwe mahali pa mvuke wa atomaiza na blowa. Ile ndogo ya kujazia matairi haitoshi. Presha yake hushuka katikati ya kazi na moto hukatika. Njia ya pili ni kuni. Unaziba mdomo wa kichomeo kwa bamba, unapanga kuni kavu juu ya sakafu bila kuyapiga matofali, na unaziacha zichemshe boila polepole mpaka ifike paundi 25 au 30. Ni ya kuchosha na inachukua muda mrefu, lakini boila huipenda, kwa kuwa joto lake ni la upole. Majivu yote yaondolewe kabla ya kugeukia mafuta.

Kuwasha

Vaa nguo za pamba na glavu za ngozi. Nailoni huyeyukia mwilini. Fungua dampa, ile milango ya hewa chini ya chumba cha moto. Fungua blowa kidogo, uiache ivute kwa dakika kadhaa ili gesi yoyote iliyojificha itoke kwa dohani. Fungua atomaiza uyatoe matone ya maji yaliyojikusanya ndani ya bomba, mpaka upepo utoke mkavu, kisha uifunge.

Chukua tambara, lilowekwe mafuta ya taa, liwashe, ulitupe liangukie mbele ya kichomeo. Chungulia uhakikishe linawaka kwa nguvu. Funga mlango wa moto na komeo lake. Simama pembeni ya mlango, kamwe si mbele yake. Fungua atomaiza kidogo, halafu vali ya mafuta, kidogo zaidi ya kidogo. Utasikia mvumo mzito, kishindo cha chini kifuani, na moto umeshika.

Usiposikia kitu ndani ya sekunde chache, funga mafuta. Usiongeze kwa kudhani hayajafika. Yamefika, na yanajikusanya sakafuni. Acha blowa ifanye kazi dakika kadhaa, fungua mlango kwa tahadhari, angalia, futa kilichomwagika, lete tambara jipya, anza upya. Sheria hii ni ileile saa nane baadaye, moto ukikatika wakati matofali yamekuwa mekundu. Vijana wengi hujaribiwa kufungua mafuta na kuyaacha matofali yawashe. Matofali kweli yanaweza kuwasha, lakini yatasubiri mpaka chumba kizima kijae mvuke wa mafuta, kisha yatauwasha wote kwa mara moja, na moto utatokea mlangoni walipo watu. Tambara jipya, kila mara, hata kama mkuu wa safari anatazama saa.

Kusoma dohani

Kuanzia sasa jicho moja liko kwenye kioo cha maji na jingine kwenye dohani. Moshi mweusi mzito maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: punguza mafuta, au ongeza blowa na dampa. Kila dakika ya moshi huo ni tabaka la masizi ndani ya mabomba, na masizi huzuia joto lisifike kwenye maji. Dohani safi kabisa, isiyoonyesha kitu, inapendeza kwa wapiga picha lakini mara nyingi maana yake hewa imezidi, na hewa hiyo ya ziada inapoza mabomba. Unachotafuta ni ukungu mwepesi wa kijivu, unaouona tu ukiwa na mbingu nyuma yake. Na moshi mweupe mzito wenye harufu kali ya mafuta ni hatari: moto umekatika na mafuta bado yanapulizwa. Mkono wako uwe umeshafunga vali kabla hujamaliza kufikiri.

Sikiliza pia. Moto mzuri hunguruma kwa sauti moja. Ukianza kudundadunda, injini nzima ikitetemeka, hewa na mafuta hazijapatana; rekebisha dampa kidogo kidogo, badiliko moja kwa wakati.

Kupandisha mvuke

Moto umewaka saa sita mchana Ijumaa. Uache mdogo. Baada ya muda mfupi uuzime, funga dampa, uache joto lienee, kisha uwashe tena. Shika tumbo la boila kwa chini: mara nyingi juu kumeshapata moto wakati chini bado ni baridi kama jiwe, kwa kuwa maji hayajaanza kuzunguka. Hapo ndipo subira inapolipa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huanza kuchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Vali ya hewa juu ya boila iwe wazi mpaka itoe mvuke mfululizo, ndipo uifunge, na sindano ya geji itaanza kusogea.

Ikifika paundi 25 au 30, hamisha atomaiza na blowa kutoka kwenye kompresa kwenda kwenye mvuke wa injini yenyewe. Fanya hivyo moto ukiwa umezimwa, utoe maji kwenye bomba, kisha uwashe upya kwa tambara. Rudia jaribio la vioo vya maji. Jioni iwe na presha ndogo tu, na usiku awepo mtu macho, si mlinzi wa geti bali mtu anayejua kioo cha maji ni nini. Alfajiri ya Jumamosi ndipo unapoinua moto kufikia presha ya kazi. Presha ikitosha, jaribu injekta zote mbili, zile zinazosukuma maji ndani ya boila. Injini yenye injekta moja nzima haitoki karakana. Mwishowe iache ifike paundi 225 ili uone vali za usalama zikifunguka zenyewe.

Wakati boila inapata joto, dereva anapaka mafuta, na kwenye Garratt kazi hiyo ni mara mbili. Chini ya boila moja kuna injini mbili, moja chini ya tangi la mbele na nyingine chini ya tangi la nyuma, zenye silinda nne na fito zake zote, pamoja na vile viungo vikubwa vinavyoiwezesha kujipinda kwenye kona. Viungo hivyo, na mabomba ya mvuke yanayojikunja navyo, husahauliwa na waliozoea injini za kawaida. Mafuta ya silinda ni mazito na tofauti na ya beringi, usiyachanganye.

Kusogea

Maji hayabanwi. Mvuke ukiingia kwenye silinda baridi hugeuka maji, na pistoni ikiyakuta ukingoni, kitakachovunjika ni kifuniko cha silinda. Kwa hiyo koki za silinda ziwe wazi, watu wakae mbali na pande zote mbili kwa sababu kinachotoka hapo huunguza, pigeni filimbi, toeni vigingi, kisha dereva aifungue regyuleta kwa unyoya tu. Mbele mita chache, nyuma mita chache, mpaka mvuke utoke mkavu pande zote nne. Jaribuni breki kabla ya kuunganisha behewa lolote.

Tangu hapo dereva na fayaman ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Injini ikivuta, mvuke unaotoka silinda hupita dohani na kuuvuta moto kwa nguvu. Dereva akifunga regyuleta bila kusema, mvuto hufa ghafla, moto hutafuta njia ya mlangoni, na dohani inamwaga weusi juu ya abiria. Fayaman anatakiwa kusikia “Nafunga, ndugu!” kabla, si baada: aongeze blowa, ashushe mafuta hadi moto mdogo, ndipo mkono wa regyuleta usogee. Dereva akitaka kufungua, aseme pia.

Kwenye mlima, injini inapovuta kwa nguvu zote, pitisha mchanga mkavu. Koleo dogo moja kwenye tundu la mlango, mvuto unaunyakua, nao unapita mabombani ukikwangua masizi. Dohani itatoa wingu jeusi kwa muda mfupi, kisha utaona sindano ya presha ikipata uhai. Chagua mahali pasipo na nyumba wala nguo kwenye kamba.

Na kama wakati wowote, kwa sababu yoyote, kioo hakionyeshi maji na jaribio halikuyarudisha: funga mafuta. Usiingize maji baridi juu ya dari ambayo huenda imeshakuwa nyekundu. Hapa ndipo mafuta yanapoyashinda makaa, maana moto unazimika papo hapo. Safari imekwisha; abiria watasafiri siku nyingine.

Kuzima

Injini nyingi za mafuta zilizohifadhiwa huharibikia hapa, kazi ikiwa imeshaisha na watu wanataka kwenda nyumbani. Jaza boila maji hadi juu ya kioo moto ukiwa bado unawaka. Funga mafuta, acha atomaiza isafishe mdomo wa kichomeo kwa sekunde chache, funga atomaiza, funga blowa. Mara moja funga dampa zote na ufunike dohani. Chumba cha moto hakina makaa ya kubaki yakipoa taratibu. Ukiacha wazi, hewa baridi ya jioni inapita moja kwa moja kwenye mabomba ya nyuzi 200, ncha zake zinasinyaa, na wiki ijayo utazikuta zinatiririka maji. Usimwage boila ikiwa moto, hata kama umeombwa kuosha kesho. Iache ipoe siku mbili.

Breki ya mkono, vigingi, rivasi katikati, koki za silinda wazi, vali ya tangi la mafuta imefungwa. Kisha andika kwenye daftari la injini: saa moto ulipowashwa na kuzimwa, kila mara ulipokatika na sababu uliyoiona, injekta ipi ilisita, tofali lipi limelegea, na maji yako wapi kwenye kioo. Weka sahihi, na dereva naye aweke yake.